Bonjour Kwanza, Chakula Baadaye

Msikilizaji wangu, kama umekaa mezani saa hizi, basi nasema starehe, endelea. Kama bado uko kwenye foleni ya magari Barabara ya Jinja na tumbo linanguruma, pole sana, na huenda mazungumzo ya leo yakakuongezea njaa. Nataka tuzungumze juu ya kuagiza chakula na kinywaji kwa Kifaransa, hapa hapa Kampala.

Juzi saa saba mchana niliingia katika hoteli ndogo ya Wakongomani huko Nsambya. Nikisema hoteli nina maana ya mahali pa kula, sikwenda kulala. Ni meza chache na viti vya plastiki, na harufu ya sombe, yaani kisamvu, inakupokea tangu barabarani. Mbele yangu alikuwa kijana mmoja wa mjini, nadhifu, tai shingoni. Akafika kaunta akasema kwa Kiingereza kwamba anataka kuku na wali, tena ana haraka. Mama mwenye hoteli akamtazama, akasema, “Bonjour, papa.” Kijana akarudia: kuku na wali. Mama naye akarudia, pole pole: “Bonjour.” Kijana akageuka kunitazama, kana kwamba ananiomba nimsaidie kutafsiri.

Alidhani mama hajui Kiingereza. Mama alikuwa amemwelewa tangu neno la kwanza. Kila siku anauziana na watu wa mji huu. Alichokuwa anakisubiri ni salamu. Zamu yangu ilipofika nikasema, “Bonjour, mama.” Uso wake ukafunguka. “Bonjour, papa, karibu! Kuko sombe, kuko bugali, kuko samaki. Tukuletee nini?” Maneno ya lugha mbili katika pumzi moja, na mimi nisiyezaliwa Kivu nikayaelewa yote.

Hapo ndipo panapoanzia Kifaransa cha mezani. Ukiwa Paris, Bukavu, Bujumbura au Nsambya, bonjour inatangulia ombi lolote. Usiichukue kama urembo wa maneno. Ichukue kama hodi. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tunajua kwamba mtu haingii ndani ya nyumba ya watu akaanza kutaja shida yake mlangoni. Anabisha, anaitikiwa, anajuliana hali na wenyeji, ndipo anaposema lililomleta. Mfaransa anaihesabu hoteli au duka kama nyumba ya mwenyewe, na asiyesema bonjour kwake ameingia bila hodi. Wageni wengi wanaorudi kutoka Ufaransa wakilalamika kwamba wahudumu wa kule ni wakali wangepunguza ukali huo kwa neno moja tu. Jioni ikiingia, hodi hiyo inakuwa bonsoir.

Na usiiache bonjour peke yake. Iongezee madame au monsieur, hasa kwa mtu usiyemjua. Waganda hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana tayari wana nnyabo kwa mwanamke na ssebo kwa mwanamume, na hawazungumzi na mtu mzima bila kuzitia ndani ya sentensi. Bonjour madame, merci madame, oui monsieur: weka nnyabo na ssebo pale pale unapoziweka kila siku, ubadilishe sauti tu. Wakongomani wao huziongezea mama na papa, na hata wewe kijana wa miaka 25 utaitwa papa. Ni heshima. Itikia.

Kifaransa si mgeni wa jana katika mji huu. Tarehe 17 Februari 1879 padri Siméon Lourdel wa Wamisionari wa Afrika, wale wa kanzu nyeupe, alitua Kigungu karibu na Entebbe pamoja na Bruda Amans. Watu walisikia akiitwa “mon père”, maana yake baba yangu, ndimi za Kiganda zikaligeuza likawa Mapeera. Ukipita Kampala Road leo unaliona jengo refu la Mapeera House. Wapo watoto wanaodhani limeitwa kwa tunda la mpera, kwa kuwa kwa Kiganda na kwa Kiswahili tunda hilo lina jina linalofanana na la jengo. Kumbe ni Kifaransa kilichokaa ulimini mwetu zaidi ya karne nzima. Kisha, Januari 1892, majina ya lugha yakawa majina ya majeshi. Wakatoliki waliitwa Wafransa na Waprotestanti wakaitwa Wangereza, wakapigana pale Mengo, na bunduki za Kapteni Lugard zikaamua nani ashinde. Miaka miwili baadaye nchi ikatangazwa kuwa chini ya Uingereza, na Kiingereza kikashika ofisi. Kifaransa kikabaki kanisani na darasani, lugha ya watu wachache.

Siku hizi kimerudi kwa mlango mwingine. Kimeingia kwa miguu kupitia Bunagana na Mpondwe, mgongoni mwa akina mama waliokimbia vita. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na kati yao Wakongomani peke yao wanapita laki tano. Wengi wako katika makazi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, lakini wengi pia wamejitafutia riziki Kampala. Waongeze Warundi, waongeze wafanyabiashara wa Goma na Bunia wanaokuja kununua mizigo mjini, waongeze Wafaransa walioletwa na mafuta ya Ziwa Albert tangu ulipotiwa saini uamuzi wa uwekezaji Februari 2022. Mwaka huo huo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo anayedhani Kifaransa cha hotelini ni cha kujiandaa kwa safari ya Paris, ambayo huenda asiifunge maishani, na ajue kwamba anaweza kukihitaji leo mchana, kwa nauli ya bodaboda.

Sasa tuketi. Jambo linalowachanganya zaidi watu wa hapa wanapoagiza kwa Kifaransa silioni vitabuni, na kwa maoni yangu ndilo lingepaswa kufundishwa siku ya kwanza. Mganda akisema emmere, ana maana ya matooke, posho, muhogo, viazi vitamu. Nyama, samaki, maharagwe na njugu za kusaga ni enva, yaani kitoweo. Emmere ndiye mwenye nyumba, enva ni mgeni wake. Ndiyo maana mhudumu wa Kampala huanza kwa kukutajia vyakula: matooke, wali, posho, maboga. Ukishavichagua, tena unaweza kuvichagua vyote vikae sahani moja, ndipo anapokuuliza mboga. Hata Mswahili wa ugali na mboga anaufuata utaratibu huo huo moyoni.

Mezani kwa Kifaransa mambo yamepinduka. Swali la kwanza ni nyama au samaki: poulet ni kuku, bœuf ni ng'ombe, chèvre ni mbuzi, poisson ni samaki. Hicho ndicho kinachoitwa plat, chakula chenyewe. Wali, chipsi, ndizi na fufu vinakuja nyuma kwa jina la accompagnement, yaani kisindikizo. Fikiria: matooke, ambayo Mganda asipoila husema hajala, hapo inaitwa kisindikizo! Kwa hiyo ukiulizwa unataka plat gani ukajibu matooke, umejibu swali la pili kabla ya la kwanza, na mhudumu ataendelea kukungoja. Taja kuku wako kwanza. Akikuuliza “et comme accompagnement?” hapo sasa mwite mwenye nyumba: riz, frites, bananes.

Neno la kuombea ni je voudrais. Wengi tunaotoka katika Kiingereza cha shule tunatafuta namna ya kusema “nataka”, tunapata je veux, na tunaitumia kwa kujiamini. Je veux inaeleweka, lakini ni nataka kavu, ya mtoto mbele ya sahani. Kiswahili kinatupa njia nzuri zaidi kuliko Kiingereza, maana tuna -nge-. Nataka ni je veux. Ningependa ni je voudrais. Ni kitenzi kile kile kilicholainishwa, kikarudishwa nyuma hatua moja ili anayeombwa apate nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Ukiliandika voudrais utaona linaishia kwa herufi za neno letu rais, ila husomi rais, unasema “re”: zhe vu-dre. Sema nami: je voudrais du poulet, s'il vous plaît. Ningependa kuku, tafadhali. Wafaransa wenyewe husema sana pia je vais prendre, nitachukua, na haina ubaya wowote ikifuatwa na s'il vous plaît.

Angalia nimesema du poulet. Ungesema un poulet, ungekuwa umeagiza kuku mzima. Hako kaneno du, au de la kwa maneno ya kike, maana yake ni sehemu, kiasi fulani tu cha kitu. De la viande, nyama kidogo. Du pain, mkate. De l'eau, maji. Sisi hatuna kaneno kama hako, kwa hiyo tunakasahau, na mezani ndipo kanapoonekana umuhimu wake kuliko mahali pengine popote.

Matamshi yana mitego yake, na mingine ni ya watu wa Kampala hasa. Poisson ni samaki. Boisson ni kinywaji. Poison, yenye s moja inayotamkwa z, ni sumu. Maneno matatu yanakaa jirani hivyo. Mswahili ana bahati, kwa sababu masikio yake yanatenga s na z bila taabu. Atie nguvu tu kwenye s ya samaki. Mtego mwingine ni wa r na l. Kiganda hakianzishi neno kwa r, nayo mazoea ya ulimi ni magumu kuacha, basi mtu akitaka wali, du riz, linamtoka neno lit, na lit ni kitanda. Hakuna atakayekuletea kitanda, mazingira ya meza yatakusaidia, lakini rudia nyumbani mara kumi: riz, riz, riz. R ya Wafaransa inakwaruza koo. Ya Wakongomani inatoka kwenye ncha ya ulimi kama yetu, nayo ni Kifaransa halali, kinachozungumzwa na mamilioni ya watu.

Na hapa nisimame kidogo, maana jambo hili liko karibu na moyo wangu. Tumezoea kudhani kwamba Kifaransa safi kiko Paris na kilichoko Nsambya ni makombo. Sikubaliani. Kifaransa cha Kongo, Rwanda na Burundi kilikuja na Wabelgiji, kikakulia hapa kwetu, kina kanuni zake, na anayetaka kula na majirani ni lazima akijue. Chukua neno sucré. Paris ni sifa tu, kitu chenye sukari. Kinshasa na Goma ni soda. Ukiwa Nsambya ukiambiwa “bière ou sucré?” umeulizwa bia au soda, na kamusi ya shule haitakwambia hivyo. Chukua brochette: Kigali na Bujumbura ndiyo mishikaki, na ya mbuzi ndiyo inayosifiwa zaidi. Hata baada ya Rwanda kuhamishia masomo katika Kiingereza kuanzia 2008, neno hilo halikutoka mezani. Pilipili haihitaji hata kutafsiriwa. Mfaransa anasema piment, Mkongomani anasema pili-pili, yako hiyo.

Chukua pia majina ya milo. Paris déjeuner ni chakula cha mchana na dîner ni cha usiku. Kwa desturi ya Ubelgiji, ambayo Wakongomani wengi wanaifuata, déjeuner ni cha asubuhi, dîner ni cha mchana, na cha usiku ni souper. Rafiki wa Lubumbashi akikualika dîner, muulize saa. Mmoja anaweza kufika saa saba mchana akamkuta mwenzake amejipanga kwa saa mbili usiku, na wote wawili wamesema Kifaransa sahihi.

Kwa hoteli zile kubwa za Kololo na Nakasero zenye mapishi ya Ulaya, nitakupa machache tu. Orodha ya vyakula ni la carte. Neno menu kwa Kifaransa ni mlo uliopangwa tayari kwa bei moja, kianzio, chakula na kitamutamu, kwa hiyo ukiomba le menu unaweza kuletewa usichokusudia. Entrée ni kianzio, japo Marekani wamelichukua neno hilo wakalipa chakula chenyewe. Nyama ya ng'ombe utaulizwa iive kiasi gani: saignant inatoka damu, à point ni katikati, bien cuit imeiva. Sisi wa muchomo tunajua jibu letu. Maji yana gesi, gazeuse, au hayana, plate. Na un demi ya bia, ingawa jina lake ni nusu, Ufaransa ni glasi ya sentilita 25, nusu ya chupa yetu ya kawaida. Huko Bujumbura wanakuwekea Primus ya sentilita 72.

Maneno mawili madogo yatakuokoa kuliko sarufi yote: avec, pamoja na, na sans, bila. Sans sucre, bila sukari. Sans glaçons, bila barafu. Ndugu Waislamu, shikeni sans porc, bila nguruwe, na mjue kwamba jambon na lardons ni nguruwe vile vile, na chakula chenye maneno au vin kimepikwa kwa mvinyo. Usione haya kuuliza. Mwenye mzio wa karanga, katika mji ambao njugu zinaingia karibu kila chungu, aseme sans arachides, na alirudie.

Ukishiba, usitafsiri nimeshiba neno kwa neno. Je suis plein kwa mtu inasikika kama umelewa. Sema j'ai très bien mangé, nimekula vizuri sana. Waganda wana weebale kufumba, asante kwa kupika, na sijaona lugha yenye shukrani nzuri kuliko hiyo kwa aliyesimama jikoni. Kwa Kifaransa mwambie mama c'était très bon, merci. Siku ile niliyatamka, na mama akaita jikoni ili binti aliyepika naye asikie. “Aksanti, papa,” binti akasema.

Kisha bili. Ufaransa huitwa l'addition, yaani jumla; Wakongomani wengi husema la facture. Mfaransa hana neno jepesi la 70 wala 90. Sabini ni sitini-na-kumi, soixante-dix; tisini ni ishirini-mara-nne-na-kumi, quatre-vingt-dix. Anayesikia quatre-vingt akatoa shilingi 80,000 kabla sentensi haijaisha atakuta bado anadaiwa 10,000. Wabelgiji wana njia nyepesi zaidi, nao Wakongomani, Wanyarwanda na Warundi wakafuata: septante kwa sabini, nonante kwa tisini. Ni maneno mepesi, yanafuata utaratibu wa soixante. Walimu wetu huyaacha kwa kuwa hayamo katika vitabu vya Paris. Ningeomba wayarudishe darasani, maana anayehesabu shilingi za Uganda kwa Kifaransa mjini humu, mara nyingi anahesabu hivyo.

Kuna taasisi za kusomea. Alliance Française ipo Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha Kifaransa, na baadhi ya sekondari pia. Nendeni. Lakini angalieni upande wa pili wa barabara. Shirika la YARID, lililoanzishwa na vijana Wakongomani mjini humu, limefundisha wakimbizi Kiingereza ili waweze kununua, kuuza na kutibiwa kwa lugha yetu. Wao wamejifunza kuagiza kwetu. Sisi tumejifunza nini kwao? Tumekaa nao miaka, tunanunua vitenge vyao, tunacheza muziki wao kila harusi, na kijana wa tai anafika kaunta hajui kusema bonjour.

Enyi wenye hoteli, mnaotafuta wahudumu wa kupokea wageni wa mafuta, wa mikutano na wa sokwe wa Bwindi, mnaotuma watu kozi za gharama: walimu mnao. Wapo Nsambya, Katwe na Kansanga, wengine wakiosha sahani wakati walikuwa walimu wa shule Bukavu. Waiteni wawafundishe watu wenu saa moja kwa wiki, muwalipe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi.